Siki si muujiza, na mapafu ya dada wa kazi si kontenti

Leo nitasema kitu na najua kuna wenye wataacha kunifuata. Sawa tu. Sisi watu wa kontenti za usafi tumewadanganya. Tumewaambia siki nyeupe inasafisha kila kitu, na ati kwa sababu ni "asilia" haiwezi kumdhuru mtu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa video, nikicheka, povu likipanda kwa beseni. Kwa hivyo kabla nianze na uongo wa wengine, wacha nimalizane na wangu.

Kwanza mnielewe. Sipingi siki. Madirisha ya kwetu Meru nayaosha na siki na nitaendelea. Kwa kioo, siki ni kali kweli. Nachopinga ni hii dini tumeanzisha juu ya chupa moja ya jikoni.

Sasa sikiza kilichonitoa usingizini. Ile video yangu ilikuwa na sentensi moja ya kijinga: "Changanya na chochote unatumia kusafisha, itafanya kazi hata zaidi." Anti yangu wa Embu akaiona. Yeye hakuosha kitu. Alimwita dada wa kazi, akampa siki, akamwonyesha kidirisha cha bafu chenye alama nyeupe za maji. Dada akafanya vile simu ilisema. Dawa aliyokuwa anatumia kwa bafu ilikuwa ile ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Akamimina zote mbili kwa ndoo moja, mlango ukiwa umefungwa ndio baridi isiingie nyumbani. Ilikuwa Julai, na mnajua Julai ya Embu.

Alitoka akikohoa, macho yakitiririka machozi, mkono kwa kifua. Shukuru Mungu alitoka haraka. Anti akanipigia. Huwa ananiita Baba, kwa sababu mimi ni mtoto wa pili na nimepewa jina la babake. Siku hiyo hakuniita Baba. Aliniuliza tu, "Wewe kijana, uliambia watu nini?"

Sikuwa na jibu. Video ilikuwa inaendelea kupata laiki.

Ukichanganya siki na blichi unapata gesi ya klorini. Hii si siri ya wanasayansi, iko kwa kitabu cha kemia cha kidato cha tatu. Ni gesi ileile Wajerumani waliachilia kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915, na wanajeshi wakafa wakitafuta hewa. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo inakaa chini, palepale mtu ameinama na kitambaa. Bafu ndogo, mlango umefungwa, ndoo iko miguuni. Halafu sisi tunaweka muziki juu ya video na kuandika "mbinu ya nyumbani".

Najua komenti zinakuja: "Wewe uliacha chuo, utatufundisha kemia?" Ndio, niliacha chuo. Kidato cha tatu nilimaliza.

Turudi kwa hilo neno "asilia", kwa sababu ndilo limetuuza. Siki ni maji yenye asidi ya asetiki, kawaida kama asilimia 5 hivi. Hiyo asidi inaweza kutoka kwa matunda au nafaka iliyochachuka, na inaweza pia kutengenezwa kiwandani halafu ichanganywe na maji. Nenda dukani usome lebo na macho yako, usisome picha ya tufaha. Kwa kioo hakuna tofauti kubwa, asidi ni asidi. Lakini hapo ndipo uongo unaanguka: kama yenye imetoka kiwandani na yenye imetoka kwa matunda zinafanya kazi sawa, basi "asili" siyo inayosafisha. Ni asidi. Na asidi huiambii, "wewe ni wa asili, tulia."

Na lile povu la siki na magadi ya kuokea? Manze, hilo ndilo linaniuma zaidi kwa sababu ndilo lilinipa watu wengi. Asidi imekutana na besi, zikauana. Povu ni kaboni dioksidi inatoroka. Kile kinabaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo na nguvu ya maana, na ukikipaka kwa kioo kinakuachia ukungu mweupe. Povu ni la kamera. Dirisha halina haja nalo.

Sasa jiulize, nini hasa huchafua madirisha ya huku kwetu? Hapa watu wa kontenti huwa hawafiki, kwa sababu video nyingi tunaiga kutoka ng'ambo, nyumba zenye hazijui udongo wetu.

Huku juu, kuanzia Manyatta na Runyenjes hadi Nkubu, ni udongo mwekundu wa volkeno. Rangi ni ya chuma kilichooza ndani ya udongo. Kiangazi gari moja likipita barabara ya murram, vumbi linakuja kukaa kwa kioo. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zikija, vumbi linageuka tope, matone yanarukia ukuta na dirisha. Siki haiyeyushi vumbi. Kabisa. Ukipulizia siki kwa kioo chenye vumbi halafu usugue, unasugua mchanga kwa kioo na kukichora mikwaruzo yenye haitoki tena. Vumbi linataka brashi kavu, kisha maji mengi. Basi.

Jikoni, hasa pale kuni na mafuta zinatumika, dirisha lina masizi na mafuta. Siki si rafiki wa mafuta. Hapo unataka maji moto na sabuni ya vyombo. Siki inakuja mwisho, ikikuja.

Siki inang'ara wapi basi? Kwa zile alama nyeupe za maji yaliyokauka. Hayo ni madini, chokaa zaidi, na asidi inaikula chokaa vizuri sana. Na hata hapo, angalia unaishi wapi. Maji ya mito inayoshuka Mlima Kenya, kama Rupingazi na Kathita, ni maji mepesi, hayana madini mengi. Ukishuka Mbeere, upande wa Siakago na Kiritiri, watu wengi wanategemea visima virefu na mara nyingi maji yake yana chumvi zaidi. Huko ndiko siki ina kazi ya maana. Mtu wa Mbeere na mtu wa Meru mjini hawahitaji ushauri mmoja, lakini sisi tunawapa klipu moja ya sekunde 30.

Na kuna mahali siki haifai kuguswa kabisa. Nyumba zetu nyingi zina fremu za chuma. Rangi ikibanduka na siki ikibaki hapo, kutu inafurahia. Marumaru inaliwa na asidi. Terazo pia, kwa sababu ndani yake kuna saruji na vipande vya marumaru. Kwa hivyo ukimwaga siki ovyo juu ya kizingiti cha dirisha, unasafisha kioo ukiharibu nyumba.

Sasa njia yenyewe, bila muziki. Toa vumbi kavu kwanza, hata kwa kona za fremu. Osha na maji yenye sabuni kidogo sana, suuza. Kisha weka robo lita ya siki kwa lita moja ya maji, na kama ni alama sugu za maji, nusu kwa nusu, uache dakika chache. Loweka kitambaa kwa mchanganyiko badala ya kumwaga kwa kioo. Fanya asubuhi au siku ya mawingu, kwa sababu jua likipiga kioo maji yanakauka kabla hujapangusa na ndiyo mistari hiyo. Malizia na fulana kuukuu ya pamba, au lile gazeti la jana. Fremu ya chuma, suuza na ukaushe. Dirisha liwe wazi. Na ndani ya hiyo ndoo hakuna kitu kingine chochote. Hakuna.

Mtu ataniambia, "Lakini hata zile dawa za dukani ni sumu, siki ni afadhali." Niko na wewe nusu njia. Yale maji ya bluu mengine yana amonia, na amonia pia ikikutana na blichi inatoa gesi mbaya. Pia ni kweli kwa kioo cha kawaida hauhitaji kulipia rangi ya bluu na marashi. Lakini chupa ya dukani angalau inafaa kuwa na onyo nyuma. Chupa ya siki imeandikwa vile utatengeneza kachumbari. Onyo la siki ya kuoshea madirisha lilikuwa juu yetu, sisi tuliosema itumike hivyo, na hatukulitoa. Hilo ndilo kosa langu na silirushii kampuni yoyote.

Na hapa ndipo nawageukia nyinyi mnaotazama. Nani huosha madirisha kwako? Kwa nyumba nyingi zenye ziko na vioo vikubwa, si yule mwenye simu. Ni dada wa kazi. Yeye hakuchagua video, hakusoma komenti, na akiuliza "hii si itanichoma?" anaambiwa ni siki tu, hata tunakula. Ushauri unatoka kwangu, unapita kwako, unaingia kwa mapafu yake. Mimi nimepata laiki, wewe umepata kioo safi, yeye amepata kikohozi. Hiyo hesabu si haki, na neno "asilia" ndilo linaificha.

Kwa hivyo nimefuta ile video. Ilikuwa inanipa watu, na nimeifuta. Nilienda Embu, nikakaa na yule dada jikoni, nikamwomba msamaha. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa ile ya madirisha, naweza kutumia au la?" Nikamwonyesha. Robo lita kwa lita, peke yake, dirisha wazi. Akaniambia shosho wake alikuwa anatumia maji na gazeti tu, na vioo vilikuwa vinang'aa.

Wenzangu wa kontenti, kama mna ile klipu ya "changanya na chochote", ifuteni leo. Na wewe mwenye nyumba, kabla umpe mtu ndoo, mwambie kilicho ndani. Kisha ufungue hilo dirisha kabla ya kulisafisha.