Upasuaji wa Siku Moja: Upesi si Pupa



Siku hizi wengi wetu hupasuliwa asubuhi na jioni wakalala kwao. Ngiri, busha, mtoto wa jicho, uvimbe wa chini ya ngozi: haya zamani yalimlaza mtu hospitali siku nyingi. Wala si jambo geni. Mwaka 1909 Dr. James Nicoll wa Glasgow aliwapa madaktari wenzake habari za upasuaji 8,988 wa watoto waliorudishwa kwa mama zao siku ile ile.

Twalipenda jambo hili. Gharama ya kitanda hupungua, na mtu huuguzwa na watu wake. Lakini twasema wazi kwamba nyumba ya upasuaji si kinyozi, ambako faida ni kupitisha vichwa vingi kwa saa. Jioni milango hufungwa. Kosa lililofanywa saa nne asubuhi huonekana usiku, nyumbani, mbali na mganga.

Sisi wa reli twajua maana ya upesi. Gari la moshi halifiki kwa wakati kwa kuwa dereva amelikimbiza. Hufika kwa wakati kwa kuwa njia imetengenezwa na breki zimejaribiwa kabla ya kuondoka. Kwenye njia moja dereva haondoki stesheni bila ruhusa, hata akiona kwa macho yake kwamba mbele ni kweupe. Na kibarua wa genge akipunga bendera nyekundu, gari husimama kwanza, maswali huja baadaye.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni ya namna hiyo kwa vyumba vya kupasulia. Ni karatasi moja yenye mambo 19, nayo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Huyu ni nani? Apasuliwa nini, na upande gani? Iko dawa inayomdhuru? Mwishoni, sindano na vitambaa vimehesabiwa vikatimia? Tena kabla ya kukata, kila mtu hutaja jina lake na kazi yake, maana aliyekwisha kusema jina lake haogopi kusema neno la pili.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, mmojawapo Ifakara kwa jirani zetu Tanzania. Habari zikatangazwa mwaka 2009. Kabla yake, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15. Ilipotumika, walikufa 8. Hizo zilikuwa hospitali kubwa zenye vitanda. Nyumba isiyo na kitanda cha usiku yahitaji uangalifu huo zaidi, si kuupunguza.

Sasa tumfikirie mtu asiyeonekana, yule anayetakasa vyombo. Waliotutangulia kwenye injini za mvuke walijua nguvu ya mvuke uliofungwa. Maji ya sufuria hayapiti digrii 100, na vijidudu vingine havifi humo. Mvuke uliofungwa hufika digrii 121, nao huviua, lakini upewe muda wake kamili. Msimamizi wa mtambo huo mara nyingi ni mtu wa mshahara mdogo. Akiambiwa, "Toa upesi, mgonjwa angoja," naye hana ruhusa ya kukataa, basi bendera nyekundu imenyang'anywa mwenyewe.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mfanyakazi wa nyumba ya upasuaji, tangu daktari hata mfagiaji, awe na haki ya kusema "Simama" bila kuadhibiwa. Pili, kila nyumba iwe na hospitali kubwa iliyokubali kumpokea mgonjwa akizidiwa, na gari tayari la kumpeleka, siyo kuanza kutafuta gari damu ikitoka. Tatu, waajiri wajue kwamba aliyepewa dawa ya usingizi haendeshi mtambo wala gari kwa saa 24, na kidonda kina siku zake. Kurudi nyumbani jioni si kurudi kazini asubuhi.

Nasi pia tuna wajibu wetu. Mwenzetu mmoja alikunywa chai ya maziwa na mkate alfajiri, kisha akasema hakula kitu, kwa kuogopa kupoteza siku yake ya ruhusa. Nesi akamwuliza mara ya pili, akakiri, akarudishwa hadi wiki nyingine. Alikasirika sana. Twamwambia kwamba nesi yule alimwokoa. Chakula kilicho tumboni huweza kupanda mtu akiwa usingizini kikaingia mapafuni. Kanuni ya kawaida ni kutokula kwa saa 6 na kutokunywa hata maji matupu kwa saa 2, ila mganga akikuagiza vingine, ushike la mganga. Uende na mtu mzima wa kukurudisha, akae nawe usiku ule.

Mwanachama aliyeharakishwa, ama kwenye meza ya kupasuliwa ama kurudishwa kazini, alete habari kwa katibu wa tawi lake. Asinyamaze.