Hisabati nayo inahitaji mlezi

Sisi wa seminari tunajua maana ya mlezi. Kazi yake haiishii darasani: anatujua kwa majina, anatuuliza tumefikia wapi, na tukikwama hatuachi. Lakini kijana wetu wa Rangwi anapokwenda chuo kikuu kusomea hisabati, mara nyingi huketi katika ukumbi uliojaa, akanakili yaliyo ubaoni na kurudi bwenini na swali ambalo hakuthubutu kuuliza.

Tunaona vyuo vyetu vianzishe semina ndogo za hisabati kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kila mmoja akiwa na mhadhiri wa kumlea. Wanafunzi watano au sita wakutane mara moja kwa wiki. Mmoja asimame ubaoni kuthibitisha kanuni aliyoisoma mwenyewe, wenzake wamhoji. Mhadhiri asitoe jibu, bali aulize: "Hatua hii umeipataje?" Hapo mtu hujifunza kukosea bila aibu na kujisahihisha.

Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alipata upadrisho mwaka 1923, akaenda Cambridge kusoma chini ya Arthur Eddington, ambaye hakuwa Mkatoliki. Mwaka 1927 Padre huyo alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Kipaji kilikuwa chake, lakini alipata wa kumwongoza.

Tutaambiwa wahadhiri ni wachache. Ni kweli. Lakini vyuo kama Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge, Moshi, huandaa walimu wa sekondari, na mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa. Aliyekaririshwa atakaririsha, na watoto wetu wa huku milimani wataendelea kuliogopa somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa yenye ufaulu wa chini kabisa kidato cha nne. Saa moja ya mhadhiri huko Moshi inaweza kuzaa matunda darasani Rangwi.

Nasi tusikae tukisubiri vyuo. Waseminari wanaoimudu hisabati wakae na wanafunzi wa parokia kila Jumamosi, kila mmoja na wawili au watatu wake. Wazazi, tunawaomba muwape watoto ruhusa ya saa mbili kutoka shambani.

Katika njia ya Emau, Bwana aliungana kwanza na wale wanafunzi wawili, akatembea nao, akawauliza walichokuwa wakizungumza. Mafundisho yalifuata baadaye. Tufundishe hivyo hivyo.