Gari Limeongezwa Chuma, Migongo Yetu Imeongezwa Nini?



Hivi karibuni mwajiri mmoja wa upande wa Isingiro aliwakusanya vibarua wake akawatangazia kwamba pikapu inayowachukua kutoka Nakivale imetengenezwa upya. Springi za nyuma zimeongezwa vyuma viwili kila upande, gari limeinuka, wala halilali tena likipakiwa ndizi. Watu wakapiga makofi. Siku ya tatu makofi yakaisha, kwani walikuwa wakirushwa ndani ya bodi kama bisi kwenye sufuria.

Mimi sikushangaa. Nimekuwa fundi wa gereji hapa Mbarara kwa miaka mingi, na vyuma vya namna hiyo nimevifunga kwa mikono yangu mwenyewe, nikalipwa, nikanyamaza. Leo sinyamazi, maana jambo hili limeachiwa tajiri na fundi wake walizungumze peke yao, hali anayelipa ni yule anayekaa nyuma.

Springi ya nyuma ya pikapu ni vyuma virefu vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine na kubanwa pamoja. Kazi yake si kubeba mzigo tu. Kazi yake ni kunepa gurudumu linapopanda jiwe, ili kishindo cha jiwe kiishie huko chini kisimfikie mtu aliye juu. Pikapu za ukubwa wa Hilux hutengenezwa kubeba karibu tani moja, watu na mzigo pamoja. Ukizidisha vyuma springi inakuwa ngumu. Jioni, ikiwa na tani ya matoke na zaidi, itanepa kidogo. Lakini asubuhi hakuna matoke, kuna watu kumi, ambao wote pamoja hawafiki kilo 700. Springi ile haina habari nao. Hainepi. Kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo.

Basi tuseme wazi: gari lilitengenezwa kwa ajili ya ndizi, halikutengenezwa kwa ajili ya watu. Na hata kwa ndizi ni kujidanganya, kwa sababu chuma cha springi hakiongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya chasisi. Nimeshaona chasisi zilizopasuka nyuma ya kabini kwa sababu springi ilikuwa ngumu kuliko fremu iliyoibeba. Tena gari lililoinuliwa hupinduka upesi zaidi kwenye kona, na watu wa nyuma hawana pa kushika.

Wale wanaozijua barabara za kambi, kutoka Base Camp kwenda Juru au Rubondo, hawahitaji kuelezwa. Ni udongo na changarawe. Wakati wa ukame zinafanya mawimbi madogo madogo yanayotetemesha mpaka meno, wakati wa mvua ni mashimo na utelezi. Kibarua anapita hapo alfajiri akiwa na jembe mapajani, na jioni anarudi juu ya mikungu.

Sasa nije kwenye shokapu, kwani hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Shokapu haibebi uzito. Ni bomba lenye mafuta, na ndani yake pistoni yenye matundu madogo. Springi ikisharushwa hutaka kuendelea kucheza juu na chini. Mafuta yakipita kwa shida katika matundu yale, mchezo unakoma. Mafuta yakivuja, springi hucheza itakavyo, gurudumu huruka kutoka ardhini, tairi huliwa upande upande, na dereva hupoteza usukani kwenye changarawe. Kuipima hakuhitaji mashine. Egemea kona ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia ghafla. Ikipanda na kutulia, ni nzima. Ikiendelea kucheza mara mbili tatu, imekufa. Nenda pia ukachungulie chini: bomba lililolowa mafuta na kushika vumbi jeusi limekwisha. Hili aweza kulifanya mfanyakazi yeyote kabla ya kupanda, na wala haombi ruhusa ya mtu.

Mwenye nia ya kweli ya kuwapunguzia watu taabu afanye haya. Arudishe springi za kiwango cha gari, zisafishwe kutu na kutiwa grisi, maana vyuma vilivyoshikana kwa kutu ni kama kipande kimoja cha reli. Aweke shokapu mpya nne, si moja iliyookotwa. Abadilishe bushi za mpira zilizokwisha. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye mlango wa gari, si ule wa tairi kugonga kama jiwe ili zibebe zaidi. Ndani ya bodi pafungwe viti vyenye mito na mahali pa kushika. Na mzigo uwe na safari yake, watu wawe na yao. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linagusa petroli ya tajiri.

Wakati huo huo, tazameni nani anakaa wapi. Nyapara yuko kabini, katikati ya magurudumu, ambako mtikisiko ni mdogo. Mama mjamzito yuko ukingoni nyuma ya ekseli, ambako ndiko kunakorusha kuliko kote. Kubadilisha hilo hakugharimu hata shilingi moja.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inaihesabu ajali ya safari ya moja kwa moja ya kwenda au kutoka kazini kuwa ajali ya kazini. Lakini mgongo hauvunjiki kwa siku moja. Unakwisha kidogo kidogo kwa miaka kumi, kisha unaambiwa ni uzee. Shirika la Kazi la Kimataifa lilikwisha kuutaja mtetemo katika Mkataba wake Nambari 148 wa mwaka 1977, pamoja na kelele na hewa chafu. Huko Ulaya, tangu agizo la mwaka 2002, mtetemo unaompata mfanyakazi mwili mzima una kipimo chake: ukifikia 0.5 kwa siku ya saa nane mwajiri lazima achukue hatua, na 1.15 haruhusiwi kuipita. Sisi tunapimwa kwa idadi ya mikungu.

Nimewasikia wanachama wenzetu wa viwandani mjini wakisema, hao wa Nakivale ni wakimbizi, hawana kadi, chama chetu kinawahusu nini? Ndugu zangu, kambi ile ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa haki ya kufanya kazi. Tajiri hakungoja kadi ili awapakie. Na pikapu ile ile, akishaona kwamba hakuna aliyelalamika, ndiyo atakayoileta kwenye lango la kiwanda kuwachukua nyinyi zamu ya usiku.

Naomba basi suala la magari ya kubebea watu liingizwe katika madai ya mapatano yajayo, kwa maneno yanayopimika: springi za kiwango, shokapu nzima, viti, na ukaguzi kila miezi mitatu mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Kwenye mkutano wa tawi nitakuja na shokapu niliyoifungua juma lililopita kutoka katika gari linalobeba watu kila siku. Haina hata tone la mafuta. Kila mtu aishike kwa mkono wake, kisha tupige kura.