Hela ya Kiwanja na Mashine ya Rangi Nne

Kwetu sisi, miezi michache iliyopita, mwezi ulianza na vita baridi, tena chanzo si simu wala nyumba ndogo. Chanzo ni fulana.

Ijumaa moja mume wangu karudi kazini na profoma mfukoni: mashine ya kuchapa fulana, mikono minne, rangi nne. "Mke wangu, huu ndio mchongo wetu. Kila wiki watu wanataka fulana, mara bonanza, mara kicheni pati." Nikamuuliza hela iko wapi. Akajibu taratibu, "Si ile ya kiwanja?" Jamani! Siku tatu tulisalimiana kama wapangaji.

Siku ya nne tukakaa mezani. Nikamwambia sipingi biashara, ila tuangalie kwanza tuna kazi gani mkononi. Tukaorodhesha: fulana 40 za bonanza la ofisini kwao na 25 za kamati ya kicheni pati ya mdogo wangu. Zote rangi moja! Sasa ile mikono mingine mitatu ingekuwa inapunga upepo? Tukakubaliana tuanze na rangi moja, na hela ya kiwanja isiguswe. Kwa wenzetu mnaopanga kuanza, haya ndiyo tuliyonunua na tuliyojifunza.

Skrini: Fremu ya mbao ni ya bei nafuu, lakini ikilowa mara kwa mara hupinda, na ikipinda picha haitoki sawa. Tulichukua mbili za alumini. Cha muhimu zaidi ni wavu wake. Kwa fulana za kawaida ulizia wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao wauzaji wengi wanauita 110 kwa sababu wanahesabu kwa inchi. Unapitisha wino wa kutosha. Mchoro ukiwa na herufi ndogondogo, chukua wenye nyuzi nyingi zaidi, mfano 77 kwa sentimita.

Mpira wa kuvutia wino: Ni kibao chenye ulimi wa mpira. Ugumu wa 70 unafaa kwa fulana. Uwe mpana kuliko mchoro, lakini uingie ndani ya fremu bila kubana.

Meza: Hapa ndipo tulipookoa hela nyingi. Bawaba mbili za kushika fremu na ubao mnene ulionyooka, basi. Acha nafasi ya kama milimita 3 kati ya wavu na fulana, ili wavu ujiinue wenyewe ukishavuta wino. Ukigandamana na nguo, mchoro unachafuka.

Dawa na mwanga: Emalsheni unaipaka kwenye wavu na kuikausha gizani. Kisha unaweka juu yake mchoro mweusi uliochapwa kwenye plastiki inayoonyesha, unaupiga mwanga. Palipopata mwanga panakuwa pagumu, palipozibwa na weusi panatoka kwa maji. Jua la Dar linafanya kazi hiyo bure, ila wingu likipita hesabu inaharibika. Anza na majaribio ya vipande vidogo, au nunua taa ya UV mambo yakikunyookea.

Wino na joto: Hapa nakiri, kosa lilikuwa langu. Niliupenda wino wa plastisoli kwa sababu haukaukii kwenye skrini. Unaweza kwenda jikoni kuangalia maharage ukarudi ukaendelea. Kumbe haukauki kwa hewa kabisa! Unataka joto la nyuzi 160 hivi, tena lifike mpaka chini ya wino. Mimi nikapiga pasi kwa kukisia. Fulana 12 za kicheni pati zilipofuliwa, jina la bibi harusi likabanduka. Mdogo wangu alilia, nasi tukazichapa upya kwa hela yetu.

Mume wangu angeweza kunirushia kijembe siku ile, maana mimi ndiye niliyejifanya mjuaji wa bajeti. Hakusema neno. Alichukua ndoo akaanza kuosha skrini. Wapenzi, hapo ndipo nilipojua vita imeisha.

Tangu siku hiyo fulana ya kwanza ya kila oda inafuliwa kabla ya nyingine kuchapwa. Na faida ya bonanza ilinunua hiti presi, inayoonyesha joto na muda, si mikono minne. Kama umeme kwenu ni wa kubahatisha, anza na wino wa maji: unakauka kwa hewa, kisha unaupiga pasi ushike vizuri. Ila fanya chapchap na uwe na chupa ya kunyunyizia maji, maana kwa joto letu unaziba wavu mara moja.

Profoma bado ipo, tumeibandika kwenye friji. Tumeafikiana zikija oda tatu mfululizo za rangi zaidi ya moja, tutakaa tena mezani. Kiwanja nacho tumeshalipia awamu ya kwanza.

Na nyie je, mkikaa mezani huwa mnaanza na bei ya mashine au na orodha ya oda? Tukutane mwezi ujao.