Mwenye Udaktari Naye Ni Mfanyakazi



Hivi karibuni alifika ofisini kwetu hapa Jinja mzee mmoja fundi wa mitambo. Zamani alikuwa mjumbe wetu wa karakana. Siku hizi anaitwa Daktari. Si daktari wa sindano, bali ni yule wa shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu. Hakuja kujivuna. Alikuja kutuuliza neno moja: "Ndugu zangu, mimi bado ni mwanachama?"

Sisi tunaoandika maneno haya tuliishia darasa la saba, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini swali la mzee huyu tulilielewa vizuri, na tunataka kulijibu mbele yenu nyote.

Mzee huyu hakupita njia ya wengi. Aliingia karakana akiwa kijana wa miaka 19. Mchana alishika spana, usiku alishika kitabu. Alifanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza, kisha ya pili kwa masomo ya mbali. Ya tatu aliipata kwa kuandika juu ya ajali za mashine, ajali alizoziona kwa macho yake. Alipovishwa joho alikuwa na miaka 53. Akaacha kazi, akaenda kufundisha chuoni.

Huko kamati ilimwuliza amefundisha miaka mingapi. Miaka yake 34 ya karakana ikahesabiwa sifuri. Akapewa vipindi vya kulipwa kwa saa, bila barua ya kazi. Amefundisha mihula miwili, amelipwa mmoja. Akidai, huambiwa asubiri. Chuoni wanamwona fundi, na karakana wanamwona bwana mkubwa. Sasa huyu ni wa wapi?

Kwanza tunawaambia wakuu wa vyuo: msidharau mikono iliyofanya kazi. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 waliosoma useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Chuo kikuu kilizaliwa karakana! Wala msidharau shahada kwa sababu mwenyewe hakukaa bwenini. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa njia ya posta tangu mwaka 1946, na ni hicho kilichompa Nelson Mandela shahada ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Majirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kijana anayejifunza mitambo atapata hasara gani akifundishwa na mtu aliyezifungua na kuzifunga kwa miaka 34?

Pili tunawaambia mafundi wenzetu wenye nia kama hiyo: someni, elimu haina mwisho, lakini msikurupuke. Kabla ya kulipa ada, ulizeni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, kama shahada hiyo inatambuliwa. Wapo wachuuzi wanaouza vyeti kama watu wauzavyo nyanya, na fedha ya kiinua mgongo ikienda huko hairudi. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, ione kwanza barua ya kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi katika wiki 12 za kwanza. Mtu akikwambia "wewe anza tu, tutaelewana mbele," jua kwamba mbele hamtaelewana.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma, tujiseme wenyewe. Siku ile mzee alipovishwa joho tulimpigia makofi. Kisha tukamfuta katika daftari. Tulidhani ametajirika, hatumhitaji wala hatuhitaji. Tulikosa. Mtu anayeuza saa zake kwa mwajiri ni mfanyakazi, awe ameshika nyundo au chaki. Anayelipwa kwa saa bila barua ni kibarua, hata akiitwa Daktari.

Hayo si maneno yetu peke yetu. Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha mapendekezo juu ya walimu wa elimu ya juu. Yanasema wana haki ya kuungana na kujadiliana na waajiri, na kwamba mwalimu wa muda anayeajiriwa mara kwa mara alipwe kwa kipimo kile kile cha mwalimu wa muda wote, kulingana na kazi yake. Na yanawezekana. Huko Uingereza, chama cha wafanyakazi wa vyuo, UCU, kilijadiliana miaka mingi na The Open University, na mwaka 2022 walimu wa muda zaidi ya 4,000 wakapata ajira ya kudumu. Hawakuyapata kwa kusubiri kila mmoja mlangoni kwa mkuu wake.

Basi mzee wetu tumemjibu: ndiyo, wewe ni wetu. Tumemwandikisha upya, na tumekwenda pamoja naye kwa wenzetu wa chama cha wahadhiri. Barua ya kudai malipo ya muhula mmoja na mkataba wa maandishi imekwisha pelekwa. Majibu bado. Tutayafuata.

Nanyi katika matawi yenu, tazameni madaftari. Nani mlimfuta kwa sababu alisoma? Nendeni mkamtafute. Huenda naye anadai.

Umoja ni nguvu.