Mkopo wa chuo ni mali kauli



Natoa maoni yangu juu ya mikopo ya elimu ya juu.

Vijana wengi waliomaliza vyuo vikuu leo wanafanya biashara hapa Mchafukoge na Kariakoo. Wapo kati yao waliosomeshwa na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwenzao aliyeajiriwa hukatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Lakini wa dukani hana mwajiri wa kumkata. Hivyo mzigo unabaki kwa mwalimu na muuguzi.

Wengine huuliza, mbona wazee wetu walisoma bure? Ni kweli, baada ya Chuo Kikuu kuanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani na hapa, Serikali ilifika mahali ikabeba gharama zote. Lakini bure ile ilikuwa na masharti. Mwaka 1966 wasomi walitakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Walipoandamana kupinga, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, akapunguza na mshahara wake kwa asilimia 20. Basi elimu ile nayo ilikuwa deni kwa taifa.

Sisi wa sokoni tunaijua mali kauli. Anayechukua mzigo kwa kauli asirudishe fedha huwaharibia wenzake, kwani tajiri hamwamini tena mtu. Vivyo hivyo, marejesho ya leo ndiyo ada ya mtoto wa mkulima kesho.

Hata hivyo, mauzo si faida. Anayeuza kwa milioni moja huenda akabaki na elfu hamsini. Ukimkata kwa mauzo, umeua mtaji, na deni halitalipwa kamwe. Nashauri Bodi ije sokoni, ikae na vijana, impangie kila mmoja kiwango kinacholingana na faida yake, naye alipe kidogo kidogo kwa simu. Serikali ilikwisha kulegeza kamba mwaka 2021 ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Sasa ni zamu ya wadaiwa.

Na wanafunzi wanaoomba mkopo waelezwe mapema kwamba bumu si zawadi. Ni jasho la wananchi.

Mfanyabiashara,
Mchafukoge,
Dar es Salaam.