Mfuko wa Mbolea na Kinga ya Mzabibu

Na Janeth Chiwanga

Mkulima wa zabibu wa Mkonze akiingia duka la pembejeo huulizwa anataka mifuko mingapi. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imetuzoesha hesabu hiyo, na imewasaidia wengi. Lakini anayepambana na ubwiri unga na ubwiri vinyoya anahitaji kuulizwa jambo jingine: naitrojeni iliyomo mfukoni ni ya aina gani?

Tumefundishwa kwamba naitrojeni hukuza majani. Ni kweli, ila mmea huitumia pia kupiga mbiu ya hatari. Ukungu unapojaribu kupenya jani, seli hutengeneza nitriki oksaidi, gesi yenye atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Massimo Delledonne na wenzake walilionyesha hilo kwenye soya mwaka 1998, mwaka uleule ambao Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa waliogundua kazi ya gesi hiyohiyo katika mishipa ya damu ya binadamu. Mmea ukimtambua adui mapema, gesi hiyo hushirikiana na hidrojeni peroksaidi, na seli zilizovamiwa hujiua. Ubwiri hula seli hai tu, hivyo hukosa chakula palepale ulipoingilia.

Njia mojawapo ya kupata gesi hiyo huanzia kwenye naitreti inayofyonzwa na mizizi. Majaribio ya tumbaku yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa mimea iliyolishwa naitreti ilihimili bakteria wa ugonjwa kuliko iliyolishwa amonia. Mbolea ya CAN ina zote mbili. Urea hugeuka amonia kwanza, kisha vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti.

Sisemi watu wakimbilie CAN. Naitrojeni ikizidi, ya aina yoyote, machipukizi husongamana, majani huwa laini, unyevu hunasa ndani, na ubwiri hushamiri hata ukipiga salfa kila wiki. Tena tumbaku si mzabibu.

Ndiyo maana nataka jaribio lifanyike kwetu. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kiko hapahapa Dodoma, na zabibu ndiyo kazi yake. Kipewe fedha ya kupima udongo wa wakulima, kisha mistari michache ya mizabibu ipewe urea na mingine CAN, kwa kiwango kilekile cha naitrojeni, na ubwiri uhesabiwe jani kwa jani katika misimu yote miwili ya mavuno.